Taiming cheni inapiga kelele kwenye injini ya zamani: kabla hujagusa tenshena, angalia raba za ndani

#1 – Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Naleta huu uzi kwa sababu kila mtu akilalamika pikipiki yake ya zamani inapiga kelele upande wa taiming, yaani ilipo cheni ya ndani ya injini inayozungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu), jibu la kwanza analopewa ni "kaza tenshena" (kile kifaa kinachoikaza cheni hiyo) au "badilisha cheni tu", anafanya hivyo, kelele zinapungua kidogo halafu baada ya muda zinarudi palepale na mtu anaanza kuichukia pikipiki nzuri kabisa. Kwenye injini iliyokula kilomita nyingi mara nyingi kilichokufa ni raba, zile mbili ndefu za mpira au plastiki ambazo cheni inateleza juu yake ikipanda na kushuka, na raba zikishaisha hata ufunge cheni mpya na tenshena mpya bado hujatengeneza kitu.

Kwanza jiridhishe kwamba injini yako ina taiming cheni. Nasema hivi kwa sababu injini za aina ya Honda CG125 na nakala zake za fito hazina cheni ya taiming kabisa, kamshafti imekaa chini karibu na krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) inazungushwa na gia, halafu fito mbili ndizo zinapanda juu kusukuma roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Kelele kwenye injini ya namna hiyo tafuta kwenye tapeti (pale unaporekebisha uwazi wa valvu), fito, roka na gia. Zenye kamshafti juu kwenye hedi (kichwa cha injini) kama Suzuki GN125, Honda CB125 na hata Cub ndogo ndizo zinazoguswa na uzi huu.

Sasa inavyofanya kazi. Sproketi ya kamshafti ina meno mara mbili ya ile ya krenki, krenki ikizunguka mara 2 kamshafti inazunguka mara 1, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 8000 kwa dakika kamshafti inakwenda 4000. Kwenye injini nyingi za silinda moja krenki inazunguka kwa uelekeo uleule wa tairi, ndiyo maana upande wa mbele wa cheni ndio unaovutwa na upande wa nyuma ndio unaolegea. Raba ya mbele imetulia tu, kazi yake ni kuinyoosha cheni isipigepige. Raba ya nyuma imefungwa chini kwa bolti, juu iko huru, na tenshena inaisukuma kwa nyuma ili imeze ulegevu wote.

Kamshafti haizunguki kwa ulaini kama watu wanavyodhani. Kamu ikiwa inafungua valvu spring inaipinga, ikishapita kilele spring hiyohiyo inaisukuma mbele, yaani kwa sekunde kidogo sana kamshafti inataka kuikimbia krenki na cheni inalegea upande ambao ulikuwa umekaza. Ukiwa kwenye resi kubwa hili halisikiki sana, ila ikiwa silensa, hujavuta resi, krenki yenyewe ya silinda moja inakwenda kwa kuruka ruka na hapo ndipo cheni inachapa raba. Miaka na miaka ya kuchapwa, joto, na oili iliyokaa sana, raba inakauka, inakuwa ngumu, inachimbwa mifereji miwili na pingili za cheni, halafu inaanza kupasuka vipande.

Dalili ninazozipa uzito mimi: kelele ya cheni kutikiswa ndani ya debe, iko upande ule wenye njia ya cheni, inakuwa kubwa injini ikiwa silensa na pale unapoachia resi ghafla, inapungua ukishikilia resi ya katikati. Tofautisha na tapeti ambazo zinagonga tik tik kwa mpangilio mmoja, na pistoni iliyolegea ambayo inagonga asubuhi injini ikiwa ya baridi halafu inanyamaza ikipata moto. Kelele nzito ya chini inayoongezeka ukiibebesha mzigo hiyo ni krenki, huo ni msiba mwingine, usipoteze muda kwenye raba. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse ukuta wa njia ya cheni, mpini uweke sikioni, utasikia mwenyewe inatokea wapi.

Halafu mwaga oili ukafungue chujio la chini. Ukikuta vipande vyeusi au vya kahawia vigumu kama kucha, hiyo ni raba yako iko pale. Ukikuta na unga unaong'aa wa aluminiamu ujue cheni imeshaanza kukata ukuta wa silinda au hedi, na hapo usiiwashe tena mpaka umefungua.

#2 – Mchangiaji

Mkuu asante kwa hili. Yangu ina hiyo kelele na fundi mmoja kaniambia tusihangaike kufungua, anaitoa tenshena anaivuta spring yake iwe ndefu kidogo au anaweka wosha kwa nyuma iisukume zaidi. Kwa kweli kelele ikipotea si imeisha?

#3 – Mleta uzi

Hapana mkuu, usikubali. Tenshena ya kujiongeza yenyewe ina meno ya kuzuia isirudi, inasogea mbele kadiri cheni inavyolegea. Ikishafika mwisho wa meno yake inakwambia kitu kimoja tu, kwamba ndani kumekwisha. Ukiweka wosha au kuivuta spring unaibana raba ambayo tayari ni nyembamba, cheni inaingia kwenye mifereji inakaribia chuma cha mgongo wa raba, na siku ikigusana na chuma hata kilomita chache zinatosha kuharibu cheni, sproketi na kujaza oili unga wa chuma. Kelele imepotea ila uharibifu umeongezeka kasi, na hili ndilo linaloniuma maana mwenye pikipiki anaondoka akiwa na furaha.

Badala yake itumie hiyo tenshena kama kipimo. Zungusha injini kwa mkono mpaka alama ya T kwenye rota ya magneti (pistoni ikiwa juu kabisa) ikae sawa, toa tenshena, usiizungushe injini tena tenshena ikiwa nje, angalia ncha yake imetoka kiasi gani. Ikiwa imebakiza meno mengi, kelele yako inaweza kuwa ni tenshena yenyewe inakwama au spring imechoka. Ikiwa imefika mwisho, fungua hedi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: ukilegeza zile bolti mbili za tenshena kidogo tu halafu ukazikaza tena bila kuirudisha ndani, umeshaharibu mpangilio. Inaruka mbele jino moja au mawili pale ulipolegeza, ukikaza unailazimisha iibane cheni kupita kiasi. Utasikia mvumo kama wa gia, na raba mpya inaliwa haraka. Kila ukiigusa itoe yote, irudishe ndani mpaka mwisho, funga, ndipo uiachie.

#4 – Mchangiaji

Naomba utuelekeze hatua za kufungua, na je raba zinaweza kutoka bila kutoa magneti? Nina spana na pula ya magneti, uvumilivu pia ninao.

#5 – Mleta uzi

Inategemea injini. Raba ya mbele kwenye nyingi inavutwa tu kwa juu hedi ikishatoka, imekaa kwenye vishimo vyake. Ya nyuma ndiyo yenye bolti chini, na bolti hiyo mara nyingi imejificha nyuma ya magneti, kwa hiyo lazima kava la magneti na rota vitoke. Rota toa kwa pula, usipige nyundo, sumaku zake zinaweza kuachia na koni ya krenki ikaumia. Na kama unabadilisha cheni ya duara isiyo na kiungo hiyo sehemu huwezi kuikwepa.

Kabla ya yote osha injini nje vizuri hasa kuzunguka hedi na silinda, mchanga ukidondoka ndani umejitafutia kazi nyingine. Toa plagi, injini izunguke kwa wepesi. Fungua vile vifuniko viwili vya kava la magneti, shika nati ya rota, zungusha kwa mwelekeo wake wa kawaida tu mpaka alama ya T. Hapa kuna mtego, T inakuja mara 2 kwa mzunguko mmoja wa kamshafti, unayoitaka ni ile ambayo roka zote mbili zina uwazi kidogo ukizitikisa kwa mkono. Zikiwa zimebana zungusha tena raundi nzima. Piga picha ya alama za sproketi ya juu jinsi zilivyokaa na uso wa hedi, picha hiyo itakusaidia wakati wa kurudisha.

Toa tenshena kwanza, ndipo ulegeze bolti za sproketi ya kamshafti. Funga waya kwenye cheni mapema, ikidondoka chini utapoteza muda kuivua. Nati za hedi legeza kwa kupishana pembe kwa pembe, kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu hedi ya aluminiamu ukiilegeza ikiwa ya moto au upande mmoja inajikunja. Hedi ikigoma igonge kwa nyundo ya plastiki pembeni sehemu nene, usichomeke bisibisi kati ya hedi na silinda.

Ukishazitoa raba ziweke kwenye mwanga. Alama ndogo ya kung'aa ni kawaida. Mifereji yenye kina, nyufa za kukata, kona iliyomeguka, au raba kuachia kwenye bati lake, hiyo haina mjadala. Pinda kidogo ile ya plastiki, ikipiga sauti ya kukatika imeshakauka. Kama kuna kipande kimepungua usifunge mpaka umekipata, kiko kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwenye chujio au kimelala nyuma ya magneti, na kikienda kuziba njia ya oili kamshafti inakufa kwa kiu.

Angalia na sproketi. Meno yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja, badilisha, maana yatailegeza cheni mpya haraka. Cheni yenyewe pima. Pikipiki nyingi ndogo zinatumia 25H, umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 6.35, kwa hiyo ivute inyooke upime pingili 20, mpya inatakiwa iwe milimita 127. Kikomo soma kwenye kitabu cha injini yako, ila ukiona imezidi kwa milimita 1 na kitu mimi sirudishi. Hizo namba zinazofuata kama 82L, 84L au 90L ni idadi ya pingili, hakikisha unapata idadi ileile, pingili 2 zikizidi au kupungua taiming haikai.

Kurudisha: raba zote mbili zipake oili safi, ya nyuma ifungwe na icheze kwa wepesi kwenye bolti yake, ya mbele ikae kwenye vishimo vyake mpaka chini, watu wengi wanaikosea hapa, inakaa juu ya kishimo halafu hedi inaikandamiza na kuivunja siku ya kwanza. Gasketi mpya, oringi mpya, zile pini za kuelekeza hedi zirudi zote. Pitisha upepo kwenye tundu la oili linalopanda kwenye hedi, ni dogo sana na ndilo chakula cha kamshafti. Krenki ikiwa T, vuta cheni ya mbele ikaze, valisha sproketi alama zikae sawa na uso wa hedi, ulegevu wote ubaki nyuma. Bolti za sproketi weka gundi ya kufungia nyuzi. Tenshena irudi ikiwa ndani kabisa, bolti zake ndogo za M6 zinataka nguvu ya kukaza kama Nm 10 tu, zikikazwa kwa hasira nyuzi za aluminiamu zinatoka.

Sasa achia tenshena, zungusha injini kwa mkono raundi 2 kamili taratibu, rudi kwenye T uangalie alama. Ukikutana na kizuizi kigumu simama palepale, ni valvu imekutana na pistoni, usilazimishe kwa spana. Alama zikiwa zimekosea jino moja fungua upange upya, jino moja halivumiliki. Ukimaliza pima uwazi wa tapeti kwa filagauji (vile vibati vyembamba vya kupimia), maana hedi ikishatoka vipimo vya zamani havina kazi.

#6 – Mchangiaji

Nyongeza kidogo kwa mleta uzi, tenshena ziko za aina tofauti. Ile ya meno unabonyeza kile kikufuli kidogo kwa bisibisi unaisukuma ndani. Ile ya spring ya kujizungusha unatoa bolti ya nyuma, unaingiza bisibisi nyembamba, unazungusha huku ncha inarudi ndani, unashikilia hivyo hivyo mpaka bolti mbili zimekaza, ukiiachia inatoka yenyewe. Injini za zamani zaidi zina ya mkono yenye nati ya kufungia, hiyo inataka ulegeze nati krenki ikiwa mahali kitabu kinaposema, spring inajipima, unakaza. Mtu akishaikuta ya mkono asiisukume kwa bisibisi, spring inajua nguvu yake.

Ila sikubaliani na kulazimisha kubadilisha cheni kila mara. Kama imepimwa na iko ndani ya kipimo ya nini kuitupa?

#7 – Mleta uzi

Umeeleza vizuri mkuu. Kuhusu cheni hoja yako nimeielewa, na kama raba imekufa kwa sababu ya umri, yaani pikipiki ilisimama muda mrefu raba ikakauka lakini kilomita ni chache, hata mimi cheni narudisha. Lakini kwenye injini iliyotembea, cheni ya zamani iliyorefuka inapita kwenye raba mpya ikiwa na pini zilizolegea, inachapa, na kazi yote ya kutoa hedi na magneti unairudia. Kazi ya kufungua ndiyo kubwa kuliko kifaa. Tena cheni ikirefuka inaichelewesha kamshafti, pikipiki inakuwa nzito kwenye resi ndogo na mtu anazunguka na kabureta bila sababu.

#8 – Mchangiaji

Na sisi wenye injini ambazo raba zake hazitengenezwi tena tufanyeje? Bati la mgongo ni zima, raba juu imeachia. Nimewaza kukata kipande cha tairi nigundishe kwa epoksi.

#9 – Mleta uzi

Tairi hapana mkuu, naomba usijaribu. Mpira wa tairi na tyubu umetengenezwa kupambana na barabara, haukutengenezwa kuogelea kwenye oili. Ukikaa kwenye oili ya moto unavimba, unalainika, unaachia, na vipande vyote vinakwenda kwenye chujio. Epoksi nayo kwenye plastiki ya nailoni haishiki vizuri, na kwenye bati itashika leo ila joto na mapigo ya cheni vitaibandua. Teflon watu wanaipenda kwa sababu inateleza, lakini ikibanwa mfululizo inatambaa na kubadilika umbo, haifai kubeba mgandamizo wa tenshena peke yake.

Njia zenye akili ni hizi. Ya kwanza, tafuta raba ya injini nyingine ya kampuni hiyohiyo yenye urefu, mkunjo na tundu la bolti sawa, watengenezaji walikuwa wanatumia vifaa vilevile kwenye injini nyingi za familia moja, kwa hiyo beba ya zamani ukalinganishe moja kwa moja, usiende na jina la pikipiki peke yake. Ya pili, mpelekee mtu anayevulkanaizi mpira kwenye chuma, wale wanaofufua maunti za injini na vitu vya namna hiyo. Mwambie unataka mpira wa naitrili au, kama anao, wa Viton ambao unavumilia joto zaidi, maana injini ya kupozwa na upepo oili yake inaweza kupita nyuzi 100. Bati lisafishwe mpaka chuma kitupu, lipakwe dawa ya kushikisha, mpira upikwe juu yake kwa joto na mgandamizo ndani ya moldi. Mpe vipimo vya unene toka sehemu ambayo cheni haikufika, kawaida ncha za raba zinabaki na unene wa awali, na kingo za pembeni zinazoizuia cheni isihame zirudishwe pia.

Ya tatu ni kuchonga raba nzima kwa nailoni 66, ile inayochongwa kwa mashine. Inafaa zaidi kwa raba ya mbele ambayo haipindwi. Ya nyuma inatakiwa ipinde kidogo ikisukumwa na tenshena, ukichonga nene haitapinda, ukichonga nyembamba bila bati itavunjika.

#10 – Mchangiaji

Mimi nina Cub ya zamani, nimefungua sioni hizo raba ndefu, nimekuta gurudumu la mpira tu.

#11 – Mchangiaji

Uko sawa, Cub haitumii raba ndefu. Ina rola ya mpira iliyoshikwa na pini ndani ya silinda, na chini ina mkono wenye rola unaosukumwa na fimbo ya spring yenye kichwa cha mpira. Rola ikikauka inakuwa na bapa upande mmoja, haizunguki, cheni inaisaga. Kichwa cha mpira cha ile fimbo nacho kinaliwa mpaka chuma. Badilisha rola zote na hicho kichwa kwa pamoja, na angalia pini ya rola ya juu kama imechimbika.

#12 – Mchangiaji

Swali la mwisho, nimefunga kila kitu kipya lakini asubuhi nikiwasha kuna mlio mfupi wa cheni kisha unapotea. Nifungue tena?

#13 – Mleta uzi

Tulia kwanza. Kama tenshena yako inasaidiwa na oili, mlio wa sekunde moja au mbili ni oili inapanda, ukiisha hapo hakuna tatizo. Kama ni ya spring tupu haitakiwi ilie, itoe uone kama inateleza vizuri au imekwama ikiwa nusu ndani. Cheki pia kiwango cha oili, injini nyingi za 125 zinabeba takriban lita 1 tu, ikipungua robo lita hiyo ni robo ya oili yote. Tumia unene ambao kitabu kinataka na iwe na alama ya JASO MA maana klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Oili hii ya kwanza baada ya matengenezo usiiache ikae muda wake wote, imwage mapema, fungua chujio uangalie. Ukikuta pasafi endelea na ratiba yako ya kawaida. Ukikuta vipande vipya vya raba, basi ya mbele haijakaa kwenye kishimo chake, hiyo fungua kabla hujaiwasha tena.